MWENYE JENGO ASILALE

Wiki chache zilizopita alitujia ofisini mzee mmoja mstaafu wa reli, mwanachama wa siku nyingi, amebeba bahasha ya kaki kwapani. Ndani ya bahasha mlikuwamo risiti tatu, karatasi yenye picha ya jengo zuri la ghorofa tano, na barua iliyopigwa muhuri wa rangi ya buluu. Mzee huyu alipostaafu alipokea kiinua mgongo chake, na kabla mwezi haujaisha akatokea kijana mmoja nadhifu aliyemweleza kwamba panajengwa jengo la maduka pembeni mwa jiji, karibu na kituo cha mabasi. Kila atakayetoa fedha, alisema kijana yule, atahesabiwa kuwa mmoja wa wenye jengo, naye atapokea asilimia tatu ya fedha yake kila mwezi pasipo kufanya kazi yo yote. Mzee akatoa shilingi milioni 18. Mwezi wa kwanza akaletewa shilingi 540,000, na mwezi wa pili vivyo hivyo. Mwezi wa tatu simu haikupokewa. Alipokwenda kuliona jengo lake alikuta msingi umeota nyasi, na mbuzi wa jirani wakilishwa juu yake.

Mzee hakuja kuomba fedha. Alikuja na swali moja tu: "Ndugu Mhariri, mimi nimekosa nini? Mbona wenzangu wenye majengo wanakula kodi?"

Twaona swali hili lastahili jibu, maana si lake peke yake. Siku hizi kila mfanyakazi anayekaribia kustaafu huimbiwa wimbo mmoja: weka fedha yako katika jengo la biashara, ukalale, nayo itakufanyia kazi. Walimu huimbiwa, wauguzi huimbiwa, hata matawi yetu ya Chama huimbiwa. Sisi hatusemi kwamba wimbo wote ni uongo. Kuwa na sehemu katika jengo la maduka au ofisi ni njia halali ya kutunza akiba, na wako wengi iliyowafaa. Uongo umo katika neno moja tu, nalo ni neno "ukalale". Jengo halijilindi. Asiyeliangalia kwa macho yake mwenyewe sharti amjue barabara anayeliangalia kwa niaba yake, la sivyo atakula nyasi za mbuzi wale.

Kabla ya kutoa shauri yatupasa kusema wazi jambo moja linalokihusu Chama chetu wenyewe, maana wako wazee watakaoshangaa kuona ukurasa huu ukizungumza habari za kupangisha majengo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha, kuwa na hisa katika kampuni, na kupokea mishahara miwili au zaidi. Mwaka 1971 Serikali ikatwaa majengo yaliyokuwa yakipangishwa yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ikayakabidhi kwa Msajili wa Majumba. Halmashauri Kuu ya Taifa ilipokutana Zanzibar mwaka 1991 masharti yale ya uongozi yalilegezwa. Tangu hapo mwanachama, awe kiongozi au la, aweza kuwa na chumba cha kupangisha na hisa mfukoni.

Lakini masharti kulegezwa si sababu ya kusahau yalikuwa yanakataza nini. Azimio halikuchukia matofali. Lilichukia mtu kuishi kwa jasho la mwenziwe bila ya kutoa cho chote. Na kodi ya pango haidondoki kutoka mbinguni kama mana. Hutoka katika meza ya muuza vitenge, hutoka kwa fundi wa simu, hutoka kwa mama mwenye duka la dawa, ambao hufungua milango alfajiri na kufunga usiku. Mwenye jengo anastahili kulipwa iwapo naye ametoa kitu chake: paa lisilovuja, ngazi zilizo salama, maji, taa, choo kisafi na mlinzi wa usiku. Anayetaka kupokea bila kutoa hayo anatafuta kile kile kilichokataliwa mwaka 1967, ijapokuwa sheria imemruhusu.

Na historia yetu ina fundisho la upande wa pili pia. Majengo yale yaliyotwaliwa mwaka 1971, ambayo mwaka 1990 yaliwekwa chini ya Shirika la Nyumba la Taifa, yalikuwa mali ya wote. Hata hivyo tuliona kwa macho yetu mengi yao yakichakaa, rangi ikibambuka na mabomba yakioza, huku wapangaji wengine wakiwapangisha watu wengine na kujitia mfukoni tofauti ya kodi. Chama nacho kilionja uchungu huo. Mwezi Desemba 2017 iliundwa tume ya kuhakiki mali za Chama, chini ya Dk. Bashiru Ally, kwa kuwa vitega uchumi vyetu havikuwa vikisimamiwa ipasavyo. Basi awe mwenye jengo ni tajiri mmoja, au Serikali, au Chama, au wastaafu mia moja, kanuni ni ile ile: mali isiyo na mwangalizi huliwa na asiye mwenyewe.

Sasa na tuitazame hesabu, maana mzee wetu hakuwahi kuoneshwa hesabu, alioneshwa picha. Tuchukue mfano wa jengo lenye fremu 20 za maduka, kila fremu ikipangishwa kwa shilingi 500,000 kwa mwezi. Fremu zote zikijaa, kodi ya pango kwa mwaka ni shilingi milioni 120. Lakini ni jengo gani hujaa mwaka mzima? Tuseme fremu tatu ziko wazi. Zimebaki milioni 102. Katika hizo, Serikali huchukua kodi ya zuio ya asilimia 10, yaani milioni 10.2. Halafu kuna mlinzi, mfagiaji, fundi wa mabomba, bima, kodi ya ardhi, kodi ya majengo, umeme wa ngazini na ujira wa msimamizi. Tuweke milioni 24.8 kwa hayo yote. Mkononi zinabaki milioni 67.

Jengo hilo likiwa limenunuliwa kwa shilingi bilioni moja, mapato hayo ni sawa na asilimia 6.7 kwa mwaka. Hayo ni mapato ya jengo zuri, lenye wapangaji wazuri na msimamizi mwaminifu. Sasa linganisha na ile asilimia tatu kwa mwezi aliyoahidiwa mzee wetu, yaani asilimia 36 kwa mwaka, tena kutoka katika jengo ambalo halijasimama! Fedha aliyolipwa miezi ile miwili haikuwa kodi ya pango, maana hapakuwa na mpangaji. Ilikuwa fedha yake mwenyewe akirudishiwa kidogo kidogo, au fedha ya mzee mwingine aliyeingia nyuma yake. Watanzania waliuona mchezo huu katika habari ya DECI mwaka 2009, wakati watu walipoambiwa wapande mbegu wapate kuvuna. Leo mbegu imebadilishwa jina ikaitwa jengo.

Mtu atauliza: ikiwa faida ni asilimia sita au saba tu, kwa nini mtu ajisumbue na majengo, hali hati fungani za Serikali za miaka 20 na 25 zimelipa riba ya asilimia 12 na zaidi? Swali ni zuri, na mfanyakazi ye yote sharti alijibu kabla ya kutoa senti yake. Jibu ni kwamba kodi ya pango yaweza kupanda pamoja na bei za vitu, na jengo lililo mahali pazuri huongezeka thamani mwaka hata mwaka, ambapo hati fungani itakurudishia shilingi zile zile ulizoikopesha Serikali. Basi jengo ni mali ya mtu mwenye subira ya miaka kumi au ishirini. Si mali ya mtu anayehitaji ada ya shule mwezi Januari.

Kuna hatari nyingine katika hesabu hiyo, nayo ni mkopo. Waandaaji wengi wa majengo huchanganya fedha za wanachama na fedha za benki, kisha husema kwamba mkopo huongeza faida. Ni kweli, iwapo riba ya benki ni ndogo kuliko mapato ya jengo. Lakini turudi katika mfano wetu. Nusu ya bei ya jengo, yaani milioni 500, ikiwa imekopwa kwa riba ya asilimia 15, benki itadai milioni 75 kila mwaka. Jengo limetoa milioni 67. Wenye jengo watapaswa kutoa mifukoni mwao milioni nane kila mwaka ili waendelee kuitwa wenye jengo, na bado hawajarudisha hata shilingi moja ya deni lenyewe. Wakishindwa, benki itauza, nayo italipwa kwanza. Mstaafu aliyetoa fedha yake yuko nyuma kabisa ya mstari.

Tumesema habari za fremu zilizo wazi. Jambo hili ndilo roho ya biashara ya majengo. Thamani ya jengo la biashara haimo katika marumaru wala vioo. Imo katika wapangaji. Mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kwamba inahamia Dodoma, kutimiza uamuzi uliofanywa na TANU mwaka 1973, wizara na idara zilifungasha majalada zikaondoka Dar es Salaam. Uamuzi ulikuwa wa haki na ulikwisha kungoja miaka zaidi ya arobaini. Lakini majengo ya maofisi ya katikati ya jiji yaliyokuwa yakiitegemea Serikali kuwa mpangaji yalibaki na ghorofa tupu, na kodi zake zikashuka. Hapakuwa na mwizi wala mzembe. Palikuwa na mpangaji mmoja mkubwa aliyeondoka.

Majirani zetu wa Kenya wametupa fundisho linalofanana na hilo. Mwaka 2015 ulianzishwa huko mfuko wa majengo ulioitwa Fahari, wa kwanza wa namna yake katika soko la hisa la Nairobi. Mwananchi wa kawaida aliweza kununua kipande kwa shilingi 20 za Kenya, na sheria iliutaka mfuko kugawa walau asilimia 80 ya mapato yake halisi kwa wenye vipande. Kila kitu kilikuwa halali. Palikuwa na mdhamini, meneja na wakaguzi. Lakini sehemu kubwa ya mali ya mfuko ilikuwa jengo moja la maduka, Greenspan, huko Donholm, na mpangaji wake mkuu alikuwa duka kubwa la Tuskys, ambalo baadaye lilifilisika. Bei ya kipande ilishuka sokoni mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2023 wenye vipande wadogo wakaambiwa wanaweza kununuliwa kwa shilingi 11, na mwaka 2024 mfuko ukaondolewa katika orodha ya soko. Aliyetoa 20 mwaka 2015 akarudishiwa 11. Mfuko ule haukuwa wa kitapeli. Fundisho lake ni kwamba hata penye sheria na uaminifu, fedha yote ikiegemea ukuta mmoja, ukuta huo ukitikisika fedha yote hutikisika.

Tofauti yake tunaiona hapa hapa nyumbani. Jengo la Mlimani City, lililofunguliwa mwaka 2006, limesimama juu ya ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kampuni inayolimiliki, Turnstar, ni ya Botswana, na hisa zake huuzwa katika soko la hisa la nchi hiyo. Maana yake ni kwamba mtu akinunua sabuni pale Mlimani, sehemu ya bei yake hugeuka kodi ya pango, na sehemu ya kodi hiyo hugeuka gawio la mwenye hisa aliyeketi Gaborone. Jengo hilo nalo lilipata misukosuko. Shoprite walioanza nalo waliuza maduka yao ya Tanzania kwa Nakumatt mwaka 2014. Nakumatt nao wakaanguka wasiinuke tena. Na Game wakaondoka nchini baadaye. Lakini jengo halikuanguka pamoja nao, kwa kuwa lilikuwa na wapangaji wengi wa kila aina, na wasimamizi wake walitafuta mpangaji mwingine kila mmoja alipotoka. Hatusemi haya kwa kijicho juu ya ndugu zetu wa Botswana. Twayasema ili mfanyakazi wetu ajiulize: ikiwa mwenye akiba ndogo wa Gaborone aweza kupata sehemu halali ya kodi inayolipwa Dar es Salaam, kwa nini wetu aishie kuuziwa picha?

Basi shauri letu ni hili. Kabla ya kutoa fedha yako katika jengo la watu wengi, uliza maswali yafuatayo, na usitosheke na jibu la mdomo.

La kwanza: hati ni ya nani? Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 mtu hupewa haki ya kuitumia kwa muda, usiozidi miaka 99. Nenda ofisi ya ardhi ukatafute jina lililoandikwa, miaka iliyobaki, na kama kuna rehani ya benki. Ikiwa umeuziwa sehemu ya jengo, kumbuka kwamba tangu Sheria ya mwaka 2008 sehemu ya jengo yaweza kupata hati yake yenyewe. Risiti yenye muhuri wa buluu si hati.

La pili: nani alimruhusu huyu kukusanya fedha za watu? Anayewaalika wananchi kuchangia mradi ili wagawane faida sharti awe na idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Kanuni za mifuko ya majengo ziko tangu mwaka 2011. Swali hili laweza kujibiwa kwa barua moja au simu moja. Laiti mzee wetu angeliuliza hili tu!

La tatu: msimamizi ameweka fedha yake kiasi gani, naye hulipwa lini? Wako wanaojilipa ujira wakati wa kununua, ujira wakati wa kujenga, ujira wa kila mwezi, na ujira tena wakati wa kuuza, hata jengo likipata hasara. Mtu wa namna hiyo ndiye anayekula. Wewe unamwandalia meza. Mwamini zaidi yule aliyeweka fedha yake kando ya yako, anayelipwa sehemu kubwa baada ya wewe kulipwa.

La nne: jengo lenyewe ni salama? Hatuwezi kusahau tarehe 29 Machi 2013, lilipoporomoka jengo la ghorofa kumi na sita katikati ya Dar es Salaam na kuua watu 36. Wala hatuwezi kusahau tarehe 16 Novemba 2024, lilipoanguka jengo la biashara Kariakoo likazika wafanyabiashara pamoja na wateja wao. Na usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliteketea kwa moto. Uliza kibali cha ujenzi, uliza jina la mhandisi, uliza bima ya moto. Anayepokea kodi ya jengo hawezi kunawa mikono jengo likiua, kwa kusema kwamba yeye alitoa fedha tu.

La tano: nikitaka kutoka nitatokaje? Hisa na vipande vya mifuko huweza kuuzwa. Lakini sehemu katika jengo la watu thelathini hainunuliwi sokoni kama nyanya. Ikiwa mkataba hausemi utalipwaje ukiugua, au warithi wako watapataje haki yao ukifa, usitie sahihi.

La sita: nitaona daftari mara ngapi? Walau mara mbili kwa mwaka mwenye sehemu aoneshwe fremu zilizopangishwa, kodi iliyoingia, fedha iliyotoka na deni lililobaki, tena hesabu hizo ziwe zimekaguliwa na mtu wa nje. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hawakuacha nafasi ya mali inayoitwa jengo.

Mwenye kuona maswali haya ni mengi mno, asijilaumu. Si kila mtu ana nafasi ya kwenda ofisi ya ardhi na kusoma hesabu. Lakini asiye na nafasi ya kuuliza asitoe fedha kwa mtu mmoja mmoja. Apite njia ya pamoja, ambako wako watu wanaolipwa kuuliza kwa niaba yake. Iko mifuko ya UTT, ambayo wa kwanza wake, Umoja, ulianza mwaka 2005. Mifuko hiyo huweka fedha zaidi katika hati fungani, amana za benki na hisa kuliko katika majengo, lakini mtu huanza kwa fedha kidogo, na akitaka hutoka. Viko pia vyama vya ushirika. Chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kilichoanza mwaka 1933, kilijenga jengo lake katikati ya mji wa Moshi. Mkulima wa Kibosho au Machame hakuwa na uwezo wa kujenga ghorofa mjini. Kwa pamoja waliweza, na jengo likawa lao bila mtu mmoja kujiita bwana. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba kiwe na mfuniko.

Tena mfanyakazi asisahau kwamba yeye ni mwenye majengo tayari. Kila mwezi mshahara wake hukatwa kwa ajili ya hifadhi ya jamii, na mifuko hiyo imejenga na kununua majengo ya ofisi na nyumba katika miji yetu. Wengi hupita chini ya minara hiyo wakiitazama kama mali ya Serikali au ya mabwana wakubwa. La hasha! Ni matofali yao. Na pale mambo yalipokwenda kombo, ni matofali yao yaliyopotea. Mradi wa nyumba za Dege huko Kigamboni, ambamo mfuko wa NSSF uliingia ubia, ulisimama mwaka 2016 kabla haujakamilika. Ni wafanyakazi wangapi waliouliza habari zake katika mikutano yao, mradi ule ulipokuwa ungali karatasini? Hapa ndipo vyama vya wafanyakazi vinapotakiwa kuamka. Wajumbe wao katika bodi za mifuko hawakupelekwa kunywa chai. Walipelekwa kuuliza yale maswali sita, na kurudi kuwaambia wenzao walichojibiwa.

Nayo matawi yetu yenye fremu kuzunguka ofisi zao yaanze nyumbani. Kodi iandikwe, risiti itolewe, mkataba wa kila mpangaji uwekwe katika jalada, na mkutano wa wanachama usomewe hesabu. Katibu wa tawi anayepokea kodi mkononi bila risiti hana haki ya kumnyoshea kidole tapeli ye yote.

Tuna neno moja kwa wale waliokwisha kufanikiwa, wenye majengo yanayowapa kodi. Biashara zetu mjini zinasongwa na desturi mbaya: kodi ya mwaka mzima kudaiwa mbele, kilemba kutozwa na madalali hata kabla mtu hajaona mlango, na kodi kupandishwa ghafula mara mwenye duka anapoonekana amepata wateja. Mwenye jengo afanyaye hivyo hudhani ana akili. Kumbe anamuua ng'ombe anayemkamua. Mpangaji aliyenyang'anywa mtaji wake katika kilemba hana fedha ya kununua bidhaa. Asiye na bidhaa hana mteja. Na asiye na mteja hatalipa kodi ya mwaka wa pili. Mkataba wa haki, ulioandikwa, wenye muda wa kutosha na nyongeza inayojulikana mapema, humfaa mwenye jengo kama unavyomfaa mpangaji. Jengo lenye wapangaji wa miaka kumi lina thamani kuliko jengo lenye wapangaji wapya kila Januari.

Mzee wetu tulimpeleka polisi yeye na bahasha yake, na tukamsaidia kuiandikia Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kama atapata fedha yake au la, hatuwezi kumwahidi, maana tungekuwa tunafanya kama alivyofanya kijana yule. Lakini swali lake tumelijibu. Hukukosa kwa kutaka sehemu katika jengo, mzee wetu. Hukukosa kwa kutaka akiba yako izae, maana uliitolea jasho miaka mingi. Ulikosa kwa kumwamini mtu aliyekuambia ulale.

Kwa wale ambao bahasha zao bado zimefungwa, na kiinua mgongo chao bado hakijaguswa, tunasema: ulizeni kwanza. Ulizeni mbele ya mashahidi, ulizeni kwa maandishi, na pale jibu linapokosekana, ondokeni na fedha yenu. Anayejenga kwa haki hatakasirika kuulizwa. Anayekasirika amekwisha kuwajibu.